Seli Mia Mbili

Mpima damu wa maabara yetu huhesabu seli kwa darubini gizani, kwa sababu mwanga hufifisha vipande vya DNA vinavyong'aa alivyovibandika kwenye kromosomu. Nukta zake, nyekundu na ya kijani, zikishikana ndani ya seli, saratani ya damu bado ipo. Zikikaa mbalimbali, dawa imefanya kazi. Kila seli huiaga kwa kunong'ona, "Haya, aje mwingine," kidole gumba kikibonyeza kihesabio. Leo ilikuwa damu ya mwalimu aliyekuwa akingoja nje. Seli mia mbili, hakuna hata moja yenye nukta zilizoshikana.

"Dada, kamwambie basi!" nikamhimiza.

Akajifuta machozi, akarudisha kihesabio kwenye sifuri. "Hizo nimehesabu kwa furaha, mdogo wangu. Sasa nihesabu kwa macho."

Zikatimia mia mbili tena, nukta zote mbalimbali. Akatoka, akamshika mgonjwa wake mikono yote miwili. "Mwalimu, visingizio vimekwisha. Nenda kasahihishe madaftari."