Diski Iliyokaa Tu

Roda Nakolong wa Chechelesi haamini kitu kwa sababu tu taa yake inawaka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la ofisi ya chama cha wafugaji hapa Isiolo, huiuliza kompyuta hali ya diski zake. Humo mna orodha ya chapa za mifugo wote wa wanachama. Diski tatu hufanya kazi pamoja, na zikibaki mbili orodha bado husomeka. Ya nne ni ya akiba: imekaa tu, ili moja ikifa ichukue nafasi yake.

Huku kwetu, ukimnyima mtu kitu kisichotumika unaitwa mchoyo. Basi Roda alipokwenda Garbatulla kuandikisha ngamia, mwenyekiti, Mzee Kobia, aliichomoa diski ya akiba akamwazima shemeji yake aweke video ya harusi. Iliporudi aliichomeka mwenyewe, taa ikawaka, akaridhika.

Roda aliporudi, mashine ilimtajia diski tatu. Ya nne ilikuwa imechomekwa lakini haikuandikishwa, kama mlinzi aliyesimama langoni bila kuajiriwa.

"Mzee, diski ya akiba iko wapi?"

"Si hiyo, Mama Kevin? Inawaka kukushinda."

"Inawaka, lakini haina kazi. Na ina harusi ndani. Ihamishe, nataka kuifuta."

"Ngoja wiki ijayo. Kwani kuna diski imekufa?"

"Ikifa haitaniuliza. Kama unaniamuru ningoje, niandikie barua, utie sahihi."

Mzee hakuandika. Wakubwa wengi hutoa amri wasizothubutu kuzitia sahihi. Roda alilijua hilo. Kabla ya saa sita harusi ilikuwa imehamishwa. Akaifuta diski, akaipima yote, akaiandikisha upya.

Jumanne iliyofuata diski moja ikafa. Ile ya akiba ikaanza kazi bila kuamriwa na mtu, na kufikia jioni ilikuwa imejazwa sehemu ya orodha iliyokuwa kwenye ile iliyokufa. Roda akaomba nyingine ya akiba. Mzee akasema ataona.

Alhamisi Umuro, mfugaji wa Garbatulla, alikuja dirishani akihema. Ngamia wake saba walikuwa wamezuiwa sokoni, mtu mwingine akidai ni wake. Roda alipokuwa akiitafuta chapa, diski ya pili ikafa; ilikuwa imenunuliwa siku moja na ile ya kwanza.

"Imekataa?" Umuro akauliza.

"Haijakataa. Vumilia kidogo."

Diski mbili zilibaki, mojawapo ikiwa ile iliyowahi kubeba harusi. Isingekuwepo, ingebaki moja, na moja peke yake haiwezi kuisoma orodha. Karatasi ikatoka na chapa ya Umuro. Akaishika kwa mikono miwili, akakimbia sokoni.

Mzee Kobia alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Alichukua kofia yake akatoka, na baada ya nusu saa akarudi na diski mbili mpya ndani ya maboksi yake.

"Chomeka wewe, Mama Kevin," akasema. "Moja ifanye kazi, nyingine ikae tu."