Unga Ambao Hakuna Aliyeuonja

Ukifika soko la Arua ukaulizia unga wa muhogo, mpaka leo watakuelekeza kwa Ayikoru wa mtaa wa Awindiri. Utamkuta amekaa nyuma ya magunia yake, kimya, na kabla hajakupimia atachukua chembe kwa vidole viwili, aiweke ulimini mwake mwenyewe, ameze, angoje kidogo. Wageni hucheka. Wanaomjua hawacheki.

Na jamani, huyo mama zamani alikuwa na mdomo! Mteja akisitasita mbele ya gunia, Ayikoru alikuwa anamrukia: "Onja basi, au unaogopa unga itakuuma?" Mteja anaonja, anaitikia kwa kichwa, ananunua. Ndivyo unga unavyouzwa huku kwetu, hanunui mtu kwa macho. Muhogo wetu mwingi ni ule mchungu, na usipotengenezwa sawasawa unabaki na sumu yake ndani. Hiyo sumu jicho haliioni. Ulimi ndio unaoijua.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake kijijini Ajia. Unamenya muhogo, unaulundika, unaufunika na majani, halafu unauacha. Unauacha mpaka uote ukungu mweusi na kulainika. Hapo ndipo unaukwangua, unauponda, unauanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo upelekwe mashineni kusagwa. "Usifunue lundo kwa sababu wewe una haraka," mama yake alikuwa akimwambia, tena akimpiga vidoleni. Ayikoru alilishika hilo somo maisha yake yote, isipokuwa mara moja.

Nusu ya unga wake ilikuwa inakwenda mji wa Koboko, kwa Bushira. Bushira ni Mnubi, mama mnene wa maneno machache, mtu wa swala zake na kusuka kawa za kufunikia chakula. Walikutana wakiwa wasichana, wakiuza kwenye meza moja. Miaka ya mwanzo Bushira alikuwa anaonja kila gunia la Ayikoru kama wanavyoonja wote. Halafu siku moja alifungua gunia, akanusa, akalifunga tena. "Ya kwako mimi sionji tena," alisema. "Kuonja unga ya dada ni matusi."

Loo, Ayikoru alivyojivunia neno hilo! Alilirudia sokoni, kanisani, kisimani, mpaka jirani yake Driwaru, ambaye walikuwa wanamenya muhogo pamoja, akawa anammalizia sentensi.

Sasa mwaka ule mvua zilianguka vibaya, na zilianguka katikati ya Ramadhani. Mto ulipanda, ukalibeba daraja la njia ya Koboko kama mtu anayebeba kiti. Malori ya mahindi na mchele yakasimama upande huu wa maji. Habari zilipofika Arua, watu wakapagawa, ingawa Arua yenyewe ilikuwa na chakula. Aliyezoea kununua kikombe akanunua beseni, aliyezoea beseni akaondoka na gunia. Unga wote mzuri wa Ayikoru uliisha asubuhi moja, akabaki anapangusa mikono na kucheka kwa biashara nzuri.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Bushira.

"Dada, huku iko mbaya," alisema. "Mahindi ya ghala imelowa yote. Wahabu amefunga duka, anasema mchele imeisha, na sisi tunajua haijaisha. Watu nafuturu na chai kavu. Watoto nalia. Unga iko?"

"Iko," akasema Ayikoru.

Ilimtoka tu. Haikuwepo. Kilichokuwepo ni lundo moja nyuma ya nyumba, chini ya majani, lililofunikwa juzijuzi tu. Alitoka akalifunua. Muhogo ulikuwa bado mweupe, mgumu, ukungu ndio kwanza unaanza huku na huku.

"Hii bado, dada," Driwaru akamwambia.

"Watu wanalala na njaa, wewe unaniambia bado!"

"Hata jua hakuna. Utaukausha na nini?"

"Na moto. Kama unaogopa moshi, nenda kwako."

Driwaru hakwenda. Alikaa akamsaidia kuponda na kukausha juu ya moto. Na tuseme ukweli, huruma ilikuwepo, tena nyingi, maana Bushira hakuwahi kumwomba kitu maishani. Ila na sifa ilikuwepo. Ayikoru alikwisha kuwasikia watu moyoni mwake wakisema: wakati malori yamelala, nani aliilisha Koboko? Ayikoru.

Unga uliporudi kutoka mashineni ulikuwa mweupe, wa kupendeza, una harufu ya moshi kwa mbali. Alitia mkono guniani, akachukua chembe, akaipeleka mdomoni. Halafu akaishusha. Akaipangusa kwenye kitenge. Alijua kwamba akionja atajua, na akijua hatapeleka. Basi akajituliza na wazo moja: Bushira haonji, sawa, lakini wateja wake lazima waonje. Ukiwa mchungu watautema, watatukana kidogo, yaishe. Atapata aibu tu.

Ronnie wa bodaboda akayafunga magunia kwenye pikipiki yake mpaka mtoni, vijana wakayavusha kichwani, pikipiki nyingine ikayapokea ng'ambo. Jioni Bushira akapiga simu kushukuru. "Imeisha yote, dada. Watu wamejaa mpaka barabarani. Wanakuombea dua." Ayikoru akalala na furaha hiyo, maskini wa Mungu.

Kesho yake, akiwa sokoni anawasimulia wenzake, simu ikalia tena. Alikuwa Shamirah, binti yake Bushira, na mwanzoni ilisikika pumzi tu.

"Mama mkubwa, watu nyumba nyingi wanatapika," alisema. "Kichwa inazunguka, tumbo inakata. Wamepelekwa hospitali. Wengine wamepata nafuu." Kisha akasema, "Latifu hapana. Latifu amekufa."

Latifu alikuwa mtoto wake Shamirah, mwenye pengo la meno ya mbele. Kila Ayikoru alipofika Koboko, huyo ndiye aliyekuwa anakimbia kumpokea mfuko. Jioni ile alikuwa na njaa, akaomba aongezwe ugali, na nyanya yake, Bushira, akamwongeza.

Ayikoru alikaa chini palepale kwenye matope. Ndipo akili ikamjia, na ilimjia nzima. Ramadhani! Mtaa mzima wa Bushira ulikuwa umefunga. Nani angeweka unga ulimini mchana wa mwezi mtukufu? Na wale wachache wasiofunga, nani angesimama kuonja wakati foleni inamsukuma mgongoni? Yeye Mkristo, ameishi na Waislamu tangu utoto, kila mwaka anakula nao Idi, na siku ile alisahau. Aliwaachia ndimi za watu kazi ambayo ulimi wake mwenyewe uliikwepa. Sasa ni nani wa kumlaumu, mvua?

Hakuweza kwenda kuzika. Maji yalikuwa bado yamejaa, wanavuka vijana tu, na hata yangekuwa yamepungua, sijui kama angethubutu.

Kivuko kilipotengenezwa, Idi imekwisha kupita, alikuwa amekwisha kuandaa gunia moja. Lundo hilo alilingoja mpaka likaota ukungu mweusi kila mahali, akalianika kwenye jua la kweli, akasaga, akaonja mara nyingi mpaka Driwaru akamwambia inatosha. Akaenda nalo Koboko.

Bushira alikuwa amekaa barazani, kawa mapajani, hasuki. Ayikoru akapiga magoti mbele yake kama anavyopiga mtoto.

"Dada, lundo lilikuwa bado," alisema. "Nilijua. Sikuonja kwa sababu nilijua."

Bushira aliiweka kawa chini. "Shamirah alisikia moshi ndani ya ugali," alisema. "Wewe haukaushi na moto. Mimi nikamwambia nyamaza, ukule."

"Unipige, Bushira. Unitukane hata."

"Watu ya hapa nimewaambia maji ya mto iliingia ndani ya gunia. Wameamini."

"Kwa nini uliwaambia hivyo?"

"Sasa wewe ungekuja Koboko namna gani tena?"

Ayikoru alilia kwa sauti, kitenge kimejaa mdomoni. Kofi lingemuuma kidogo kuliko wema ule. Bushira alimwacha alie mpaka akamaliza, akamshika mkono akamwinua, akamwita Shamirah alete maji ya kunawa uso. Shamirah aliyaleta, akayaweka chini, akarudi ndani bila kumtazama.

Halafu Bushira akaliona gunia.

Alilivuta karibu, akafungua kamba taratibu. Ayikoru akadhani atanusa tu, kama siku zote. Bushira akaingiza vidole viwili, akachukua chembe, akaiweka ulimini. Akafumba macho, akangoja, vile mtu anavyongoja na unga wa mtu asiyemjua. Ayikoru akasimama pale akingoja naye.

"Iko sawa," alisema Bushira, akalifunga gunia. "Peleka ndani, dada."