Siku Niliyomzima Mchambuzi

Siku yangu ya kwanza redioni pale Mbinga, Mhariri hakuniruhusu kusema neno hewani. Alinikalisha mbele ya mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, akanivalisha visikilizio. "Mtangazaji husikiliza kwanza," alisema. "Kila kipaza sauti kina kitufe chake cha kuteleza. Ukikipandisha, mtu anasikika mpaka Mkumbi. Ukikishusha, anaongea na ukuta." Nilikuwa binti wa Kimatengo kutoka kijiji cha Matiri, huko milimani, nimetoka kuchuma kahawa ya baba.

Nilianzia kusoma salamu za wasikilizaji, nikahamia chumba cha habari, kisha nikakabidhiwa kipindi cha asubuhi cha magazeti. Nayakumbuka sana majira yale. Kuta za studio tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi kwa mwangwi, na kahawa ilipochanua, harufu yake iliingia hata humo ndani. Tulikosea majina ya watu, tukaomba radhi, tukacheka, siku ikaendelea.

Mgeni wetu wa kudumu alikuwa Mchambuzi wa siasa, mwalimu mstaafu mwenye maneno matamu. Akina mama sokoni walikuwa wakiongeza sauti ya redio akianza kuongea. Hata mimi nilimpenda. Lakini kampeni zilipoanza, akawa anakuja na mgombea mmoja wa udiwani, na utani wake ukabadilika. Kwanza alisema Wanyasa, watu wa ziwani, wanapenda kulala. Baadaye akasema wanatujazia soko kwa usipa, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi moja, tukiwa hewani moja kwa moja, akasema, "Ukinunua usipa wao umenunua na uchawi wao. Tuwatimue, warudi kwao!" Mgombea akapiga meza kwa kicheko.

Nilishusha sauti yake, nikaweka wimbo.

"Umenizima?" aliuliza, kama haamini.

"Nimekuzima, Mwalimu."

"Binti wa Kimatengo unawatetea Wanyasa?"

"Ni watu, Mwalimu. Tena wanakusikiliza."

Ila maneno yalishatoka. Mchana huo vijana walipindua sinia za Mama Skola, mjane kutoka Mbaha, kule ziwani, aliyekuwa akipanda Mbinga kuuza samaki tangu mimi ni mtoto. Nilimkuta akiokota usipa kwenye tope, na wateja wake wa siku zote wametazama pembeni. Nikainama nimsaidie.

"Acha, mwanangu," alisema. "Watakuona."

Nilimsaidia hivyo hivyo.

Jioni Meneja aliniita ofisini pamoja na Mhariri. Mgombea alikuwa ameshampigia simu. "Kesho utamwomba Mwalimu na mgombea wake radhi hewani," Meneja aliniambia. Mhariri alijaribu kunitetea, akanyamazishwa.

Kesho yake niliomba radhi. Nilisema, "Mama Skola wa Mbaha, na ninyi nyote mnaotuletea samaki kutoka ziwani, jana redio hii iliwatukana. Tunaomba mtusamehe." Nilivua visikilizio, nikatoka studio. Mhariri alinishika bega, akanipa chai yake.

Wiki haikuisha nikahamishiwa mwambao, huko huko Mbaha, niwe mwakilishi, yaani ripota anayeishi mbali na kituo na kutuma habari kwa simu. Ilikuwa adhabu, nami nililia njia nzima. Kumbe ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri kuliko yote. Nilijifunza Kinyasa, nikaolewa huko, na mpaka nastaafu sikuomba kurudi milimani.

Siku hizi vijana wa redio huja kunisalimu. "Shikamoo, Bibi," halafu wananionyesha kwenye simu zao wanasiasa na wachambuzi wa leo, wanaowaita wenzao wageni na wadudu, na maelfu ya watu wanashangilia. Hapo kati hakuna aliyekaa kwenye mikisa. Wananiuliza kama enzi zetu zilikuwa bora. Nawajibu kwamba nazitamani mno, hata zile trei za mayai. Kisha nawaambia kwamba yule mgombea alishinda, na nawasimulia habari za Mama Skola.

Tulikuwa majirani hadi alipofariki. Mara nyingi nilimbembeleza apande tena Mbinga na samaki wake, hakupanda. Mara ya mwisho nilimkuta akianika usipa kwenye chanja, akanijibu bila hasira.

"Wewe ulimzima yule mmoja, mwanangu, na Mungu akubariki. Lakini wateja wangu walimsikia, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza kama nimeumia."