Matembele Mahali pa Ukoka

Samadi mbichi ikinyeshewa na mvua ya Uluguru hutoa harufu nzito inayong'ang'ania kwenye nguo, na hiyo ndiyo harufu ya mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimebinafsishwa, baba amepunguzwa, nasi tumeruhusiwa kubaki kwa muda kwenye kota zake, chini ya mlima pale Morogoro. Siku moja msimamizi mpya, Bwana Mashaka, akapita nyumba kwa nyumba na amri: bustani zote za mboga zilizo mbele ya kota zing'olewe na ardhi itayarishwe, kwani Jumamosi lori lingeleta ukoka. Mwekezaji aliyekinunua kiwanda alitaka wageni wake waone nyasi tupu.

"Na matembele yangu?" mama akauliza.

"Mama Zuhura, matembele hayamo kwenye ramani."

Mama hakubishana. Alikuwa Mluguru wa Kinole, amelelewa kwenye miteremko ambako ukikosea kulima, udongo wote huishia mtoni. Akakata mashina ya matembele, akayafunga kwenye gunia lililoloweshwa, kisha tukaanza kazi. Kwa siku tatu tulilima kwa kina na kuchambua magugu ya ndago punje kwa punje, maana, alisema, ukiacha ndago moja umeacha ukoo mzima. Tukaokota mawe, tukachanganya samadi, tukavuta ubao juu ya udongo hadi ukalala sawa kama mkeka, nami nikaushindilia kwa nyayo, ubaridi ukinipanda hadi magotini. Bwana Mashaka akawaleta majirani waone mfano wa kuigwa. Ijumaa alasiri, alipoondoka tu, mama akafungua gunia. Tukapanda matembele eneo lote.

Asubuhi lori likafika. "Hiki nini?" msimamizi akafoka.

"Ulisema nitayarishe ardhi," mama akajibu. "Nimeitayarisha."

Msimamizi akamwamuru kibarua wake, Mzee Kondo, ayang'oe. Mzee huyo alikuwa fundi mwenzake baba kabla wote hawajapunguzwa. Akaliegemeza jembe ukutani. "Mimi sing'oi chakula cha watoto," akasema. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Bwana Mashaka aliyang'oa mwenyewe, shina kwa shina, viatu vyake vya kung'aa vikizama kwenye samadi, huku akina mama wa kota wakimtazama na kucheka waziwazi.

Kabla mwezi haujaisha tulifukuzwa. Tukapanda Kinole kwa bibi, magodoro kichwani. Baba alinung'unika njia nzima. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja.

Leo mimi ndiye ninayeotesha ukoka kwenye mahoteli na nyumba za wakubwa mjini, na ninajua kuuandalia ardhi kuliko wengi. Sina ugomvi na nyasi. Lakini nikikuta mboga, huuliza kwanza ni za nani, na kama mwenyewe hajaridhia, narudisha majembe kwenye gari. Nimeshapoteza kazi kwa hilo, tena zaidi ya moja. Watu huniambia siku hizi biashara haiendeshwi hivyo. Yangu inaendeshwa hivyo.