Fundi Cherehani Aikalia Mikono Yake

Yule fundi cherehani wa nyumba ya pili hupaka samaki kama anayeshona gauni la bibi harusi: kwanza unga, halafu yai lililopigwa, kisha chenga za mkate, akibinya kingo kwa vidole vilivyojaa alama za sindano. Lakini minofu ikishaingia kwenye kikaangio cha hewa, ile mashine ya umeme inayokaanga bila mafuta, hatulii. Kila dakika huvuta droo achungulie, joto lote linatoroka, na samaki hutoka mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Mara tatu mama mkwe wake ameisukuma sahani. “Mwanangu, samaki huyu ana homa. Mrudishe kitandani.” Na tangu daktari amkataze vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta, bibi huyo hali, amekonda hadi anapita mlangoni bila kuufungua.

Leo fundi amefunga droo, akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili. Mashine ikanguruma. Harufu ikaanza kumchokoza, na miguu yake ikakanyaga sakafu mbio mbio. Ingekuwa na cherehani chini yake, angemaliza sare za shule nzima. “Wee, usifungue! Nimesema usifungue!” alijikaripia. Kengele ilipolia, aliruka hadi kiti kikaanguka. Minofu ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imekauka kau! Mama mkwe akauma. Kwaruu! Kuku wa mtaa mzima wakatawanyika.

“Vipi, mama?”

Kinywa cha bibi kilikuwa kimejaa. Aliivuta sahani ya mkwewe pia, akaizungushia mkono.