Tangi Lililolala

Miaka ile ya soko huria, kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti hapa Dodoma kilipotoka mikononi mwa serikali na kupata mwekezaji, mkuu wa chuo chetu alitangaza kwamba sasa hisabati lazima ishikane mikono na viwanda. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka kuwafundisha watu wanaosinzia.

Kazi ya kwanza ililetwa mezani kwangu ikiwa karatasi moja. Kiwandani walipima mafuta kwa kutumbukiza ufito wenye alama ndani ya tangi. Kila walipopima, ufito ulionyesha mafuta pungufu kuliko daftari la stoo, na mtunza stoo, mzee wa Kondoa, alishukiwa wizi. Meneja alitaka msomi athibitishe alama za ufito. Karatasi ilitaja kipenyo cha tangi, urefu wake, na alama zilizoachana sawasawa. Nilichora tangi kama nilivyolichora ubaoni miaka yote, limesimama wima. Hesabu ikakubali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niligonga mhuri nikaenda kunywa chai.

Miezi michache baadaye niliwapeleka wanafunzi kukiona kiwanda. Tulipoingia uani, nililitafuta lile tangi langu la wima. Tangi lilikuwa limelala ubavu juu ya matofali.

Tangi lililolala ni jembamba juu, pana katikati. Mafuta yakishuka alama moja ya ufito kule juu, yaliyotoka ni machache kuliko alama inavyodai. Nao walilijaza tena kila mara kabla halijafika nusu, kwa hiyo ufito ulitangaza upungufu siku zote. Hakuna aliyeiba hata tone. Mtoto wa sekondari angeliona hilo, kama angeinuka kitini. Nilimkimbilia meneja, nikamweleza.

"Yule mzee tulimwachisha kazi siku ileile karatasi yako ilipofika, mwalimu," alisema.

Kesho yake nilipanda basi la Kondoa. Nilimkuta mzee nyumbani kwake akitengeneza mpini wa jembe. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote bila kujitetea, nikangoja matusi. Hakunitukana. Aliniomba nirudie habari ya tangi, polepole.

"Mimi nilijua sijaiba," alisema mwishowe. "Lakini funguo za stoo tulikuwa nazo wawili, mimi na mdogo wangu, msaidizi wangu kule kiwandani. Nikasema, mtu wa chuo ameshapiga hesabu, na hesabu haisemi uongo. Basi mwizi ni yeye. Nikamfukuza hapa mbele ya watoto wake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa lililomuumiza mtu mmoja tu.

"Yuko wapi sasa, mzee?"

"Nasikia yuko Babati. Niandikie hayo uliyosema, nimpelekee. Neno langu hataliamini tena. Na mhuri uuweke, kama ule wa kwanza."

Niliandika ukurasa mzima, kisha nikapapasa mifuko yote. Mhuri nilikuwa nimeuacha Dodoma, kwenye droo ya meza yangu.