Serikali Haina Mtani

Ilianza Jumanne, mwishoni mwa Septemba, saa kumi kasorobo jioni, mbele ya ofisi ya kijiji chetu huku Newala. Nilikuwa bado na sare za shule, nimesimama nyuma ya mama, mahali ninapopenda kusimama. Mimi ni mtu wa nyuma. Hata mwalimu akiita majina darasani huwa naitika kwa kunyoosha kidole.

Mwenyekiti wetu wa kijiji ana kiti. Kila mwenyekiti anacho, najua, lakini chake ni cha plastiki, cheupe, chenye mikono, na kina mgambo wake wa kukibeba. Akienda msikitini kinatangulia. Akienda kuangalia korosho ghalani kinatangulia. Watu wakikiona kiti wanaanza kunyamaza kabla mwenyewe hajafika.

Siku hiyo hakuita mkutano. Mkutano wa kijiji sijauona tangu nikiwa darasa la saba, na sasa niko kidato cha tatu. Alituita kusikiliza tangazo, na tangazo halina maswali. Alisema mikutano bado imesimama kwa sababu za kiusalama. Ng'ambo ya Ruvuma watu wanakimbia nyumba zao, na huko mambo yalianza hivi hivi, kwa watu kuulizauliza. Jirani yetu mmoja alikimbia kutoka huko na watoto wake. Baadaye alimwambia mama kwamba kwao nako hawakuwa wakiulizwa kitu.

Watu wakainamisha vichwa. Mama akanyoosha mkono, akauliza mkutano utakuwa lini. Mwenyekiti akajibu kwamba amekwisha sema. Ndipo mama akasema maneno ambayo kijiji kizima kiliyarudia wiki ile kwa kunong'ona:

"Basi nyanyuka kidogo, mtani. Tuone kama kiti bado ni cha kijiji au kimekwisha kuota mizizi."

Hapa nieleze. Kwetu ukoo hufuata mama, na ukoo wa mama yangu na ukoo wa mwenyekiti ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukwambia chochote, hata hadharani, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Anayemkasirikia mtani huonekana kama mtu aliyekasirikia mvua. Kwa hiyo watu walicheka, wakijua hata mwenyekiti atacheka.

Hakucheka. Alishika mikono ya kiti, akasema polepole, kama anayesoma gazeti la Serikali:

"Serikali haina mtani."

Jioni ile ile mgambo alikuja kufunga kufuli kwenye bomba letu la upande wa juu. Kijiji kina mabomba mawili, la juu na la chini, na funguo zote anakaa nazo mwenyekiti. Agizo lilikuwa kwamba bomba halifunguliwi mpaka mama aombe radhi mbele ya wananchi. Na watu wa juu wasionekane na ndoo kule chini.

Asiyejua nyanda zetu hizi anaweza kusema si mchimbe kisima. Huku ukichimba unapata mchanga, halafu mchanga mwingine. Tunacho kisima cha kukingia maji ya mvua ya bati, lakini mwishoni mwa Septemba kinabaki na uji wa tope na vyura wawili watatu wanaotuangalia kwa lawama. Maji mengine yako bondeni, unashuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali.

Siku za mwanzo wanawake wa juu walimsifu mama. Siku zilizofuata walimsalimia kwa ufupi. Wa chini nao walipita mbele yetu na ndoo zimejaa, wakitembea taratibu kuliko kawaida. Ikafika mahali watu wa pande mbili hawakopeshani hata chumvi. Shuleni mwalimu wa Uraia alitaka mfano wa utawala wa kidikteta, nasi tukataja nchi za mbali, akatupa vema zote. Mimi nilikuwa na mfano wa karibu, ila sikunyoosha kidole.

Alhamisi ya wiki ya pili jirani yetu mwingine, mwenye mapacha wachanga, alikuja, akakaa jikoni, akasema nepi zimemshinda. "Dada, omba tu hiyo radhi. Neno haling'oi jino." Mama akamtazama yule mwanamke mikono, ilivyopauka, akasema sawa. Jumamosi ataomba.

Bibi, mama yake mama, alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, mlangoni. Aliweka kisu chini. Alisema kwamba mtani haombi radhi. Siku akiomba utani umekufa, na ukifa haurudi kwa hirizi wala kwa katibu tarafa. Mama akamwuliza awapeleke wapi mapacha wa watu. Bibi akaokota kisu, akaendelea kumenya. Usiku ule nilimwonea mama huruma kuliko nilivyoyawaza maji. Hajawahi kumwomba mtu radhi kwa kosa ambalo si lake, na alikuwa akijaribu maneno huku anafagia.

Ijumaa asubuhi mama yake mwenyekiti alifariki.

Alikuwa bibi kizee mpole, mwenye kupenda ugoro, ambaye alikuwa akiniita mke mwenza na kunifichia mabibo kwenye kanga. Tulilia kweli. Na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu msiba kwetu una wenyewe. Watani ndio waendeshaji. Wanamwigiza marehemu, wanawatania wafiwa, wananyang'anya vitu na kudai vikombolewe, mpaka mfiwa anacheka katikati ya machozi na kifua chake kinafunguka. Bila watani msiba ni kikao cha watu wanaotazamana.

Bibi aliwakusanya watu wa ukoo wetu, akawapa maagizo mafupi: kwamba serikali haina mtani, na sisi ni raia watiifu.

Basi tukaenda kwa adabu. Wanawake wa ukoo wetu tulibeba kuni na ndoo za maji, kama desturi. Maji yenyewe ni ya kisimani kwetu, ya tope. Mama akaitua ndoo mbele ya mwenyekiti, akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Pole sana kwa msiba."

Halafu tukakaa kwenye mikeka, kimya, miguu pamoja. Hakuna aliyemwigiza marehemu anavyonusa ugoro. Hakuna aliyenyang'anya sufuria. Wanaume wa ukoo wetu walichimba kaburi bila neno, wakazika bila neno, wakaosha mikono. Wazee wa pande zote walikuwa wanageuka kututazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama marehemu alikuwa mgeni hapa kijijini. Mwenyekiti hakulia. Alikaa mkekani uso umekauka kama kopa la muhogo, watu wanampa mkono na kupita.

Jumamosi alasiri, saa ambayo mama alitakiwa asimame mbele ya wananchi, mwenyekiti alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Peke yake, bila kiti wala mgambo. Alibaki amesimama uani, bibi hakumkaribisha mahali pa kukaa. Alizunguka sana kwa maneno. Alisema mama yake aliwapenda watani, kwamba dada zake hawali, kwamba watu wanasema kizee kimezikwa kama mbwa. Mwisho akamwambia mama:

"Njooni mnitukane, mtani. Nakuombeni."

Mama alikuwa na radhi yake tayari kinywani, aliyoifanyia mazoezi na ufagio. Akaimeza. Alisema yeye amekatazwa kufungua mdomo na Serikali. Bibi akasema hata yeye. Halafu bibi akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mlango.

"Huyu hajakatazwa."

Nilitamani mchanga wote wa Newala unifunike. Lakini nilimfikiria yule bibi kizee na mabibo yake. Nikafuata nyuma yao mpaka msibani. Mwenyekiti akakaa mkekani na wafiwa wenzake, watu wakawa wananitazama, nami nikatazama miguu yake kwa sababu sikuthubutu kutazama uso.

"Mtani," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, "kumbe magoti yako yanakunjika."

Dada mkubwa wa mwenyekiti akacheka, akajiziba na kanga, akacheka tena. Mwenyekiti akatazama magoti yake kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Alicheka kidogo, halafu machozi yakaja, mengi, akalia kama mtoto, na wanawake wakapokea.

Baada ya hapo hakuna aliyenihitaji. Bibi alikivuta kile kiti cheupe kutoka barazani, akavaa kofia ya mwenyekiti, akakalia na kunusa ugoro wa marehemu. Akatangaza kwamba kilio kimesimamishwa kwa sababu za kiusalama. Hata mgambo alicheka. Mama akamchomolea mwenyekiti ufunguo wa bomba la juu mfukoni, akasema kiti wamekiteka na hakirudi mpaka watu waone maji. Mwenyekiti akaitikia "ndiyo, mtani" kwa kila kitu.

Lakini nikiwa narudi nilimwona yule jirani mwenye mapacha amesimama nje ya uzio. Yeye ni wa kutoka Masasi, si mtani wa mtu yeyote hapa kijijini. Hakucheka. Aliniuliza tu, kama angekuwa yeye amesema yale, maji yangefunguliwa na nani.

Kesho yake asubuhi niliamka mapema, nikachukua ndoo kwenda kwenye bomba la juu. Mwenyekiti alikuwa pale, amekuja mwenyewe kuhakikisha maji yanatoka, amesimama kwa kuwa kiti kilikuwa barazani kwetu, bibi akianikia ming'oko. Nilikinga ndoo. Ilipojaa nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwuliza mkutano utakuwa lini.

Akatabasamu. "Huo utani, mjukuu wangu?"

"Hapana," nikasema. "Huu si utani."

Alitazama huku na huku, nadhani akitafuta pa kukaa. Nikajitwika ndoo, nikabaki pale pale nikimsubiri.